Fizi zinatoka damu na viungo vinauma: meno ndo yameniletea rumatoidi?

"Daktari shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, huu mwezi wa nane toka niambiwe nina rumatoidi. Vidole vya mikono yote miwili vilianza kuvimba, asubuhi vinakakamaa zaidi ya saa nzima, vipimo vikaonyesha anti-CCP iko juu sana. Natumia methotreksati mara moja kwa wiki na foliki asidi, nafuu ipo ila sio sana. Sasa fizi zangu zinatoka damu miaka mingi, nilikuwa naona ni kawaida tu. Juzi daktari wa meno kanipima akasema nina mifuko mirefu kwenye fizi, kuna sehemu imefika milimita 6, mfupa umeanza kuliwa, halafu akasema hilo linahusiana na ugonjwa wangu wa viungo. Nimechanganyikiwa. Ina maana meno ndo yameniletea huu ugonjwa? Shangazi anasema ning'oe meno yote mabovu viungo vitapona, mwingine kaniambia nimeze antibayotiki miezi mitatu. Na je niache methotreksati wakati natibiwa fizi? Halafu nina binti wa miaka 17, fizi zake nazo zinatoka damu, naogopa."

Marahaba dada yangu, na pole sana. Swali lako nimelirudia kulisoma maana ndani yake kuna maswali kama manne, ila naona yote yamebeba hofu moja, kwamba labda ungejali meno yako zaidi miaka ile leo usingekuwa unaumwa. Ngoja nianze na hilo kabla ya mengine yote: hapana, usijibebeshe huo mzigo. Hakuna daktari duniani anayeweza kukuangalia wewe mtu mmoja akasema kwa hakika fizi ndo zimekuletea rumatoidi, huu ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Kinachoweza kusemwa ni kwamba haya magonjwa mawili yana uhusiano wa kweli kabisa ndani ya mwili, daktari wako wa meno hajakudanganya, na fizi zako zinatakiwa zitibiwe vizuri sasa hivi, lakini zitibiwe pamoja na viungo, sio badala ya viungo.

Ukitaka kuona kwa nini nasema hivyo angalia hesabu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wazima wenye ugonjwa mkali wa fizi ni zaidi ya bilioni 1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Wenye rumatoidi mwaka 2019 walikadiriwa milioni 18. Sasa kama fizi mbovu peke yake ingekuwa inatosha kuleta rumatoidi tungekuwa na wagonjwa wa viungo mamia ya mamilioni, na hatuna. Na upande wa pili wapo watu wana rumatoidi kali na fizi zao ni nzima hazina hata doa. Kwa hiyo fizi ni kitu kimoja kati ya vingi, kwa baadhi ya watu kinaweza kuwa kizito sana, kwa wengine hakipo kabisa.

Haya, sasa twende kwenye uhusiano wenyewe, na nitaenda taratibu maana hapa ndo penye utamu na ndo panachanganya watu.

Fizi nzima inalikumbatia jino, kanafasi kati ya fizi na jino kanakuwa na kina cha milimita 1 hadi 3 basi. Ukoga ukikaa hapo bila kutolewa, bakteria wanajenga utando, fizi inavimba na kuwa nyekundu na kutoka damu ukiigusa, na hapo bado ni jambo dogo linalorudi kawaida ukisafisha. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe unaendelea, ukoga unagandamana kuwa ugaga hadi chini ya fizi, fizi inaachana na jino taratibu, kale kanafasi kanakuwa mfuko wa milimita 4, 5, 6 kama huo wako. Ndani ya mfuko huo hewa haifiki, kwa hiyo wanaohamia ni bakteria wasiopenda oksijeni, na hao ndo wakorofi. Kitu ambacho wagonjwa wengi hawajui ni kwamba ukuta wa ndani wa mifuko hiyo ni kidonda. Watafiti waliwahi kukadiria kwamba mtu mwenye ugonjwa huu mdomoni akiunganisha ukuta wote uliochubuka anaweza kuwa na eneo la sentimita za mraba kati ya 8 na 20. Yaani una kidonda kilicho wazi, kimefichika, hakiumi sana, na kila ukitafuna au kupiga mswaki bakteria kadhaa wanachungulia kwenye damu. Kungekuwa na kidonda cha ukubwa huo mkononi ungeshakitibu zamani, cha mdomoni mtu anakaa nacho miaka kumi anaona kawaida.

Sasa kuna hii anti-CCP yako. Hicho kipimo kinatafuta antibodi ambazo zinashambulia protini zako mwenyewe zilizobadilishwa kidogo. Protini zimejengwa kwa amino asidi, mojawapo inaitwa arjinini, na kuna vimeng'enya mwilini ambavyo kazi yao ni kuibadilisha arjinini kuwa kitu kingine kinaitwa sitrulini. Hilo ni jambo la kawaida, linatokea kwa kila mtu, kwenye ngozi, kwenye uvimbe wowote, bila shida. Tatizo linakuja pale kinga ya mwili inapoiona protini iliyobadilishwa hivyo na kuidhania ni adui. Ni sawa na mtoto wa nyumbani aliyerudi usiku kavaa nguo za mtu mwingine, mbwa wa mlangoni anamrukia. Mbwa akishazoea kumrukia, kesho atamrukia hata akiwa na nguo zake. Na kinga ya mwili ikishajifunza kosa hilo hailisahau kirahisi, ndo maana hiyo anti-CCP yako haitashuka wiki mbili zijazo hata ufanye nini.

Fizi zinaingiaje hapo? Kwa njia zaidi ya moja. Kuna bakteria anaitwa Porphyromonas gingivalis, ni mkaaji maarufu sana wa ile mifuko, na mwaka 1999 iligundulika kwamba huyu ana kimeng'enya chake mwenyewe kinachogeuza arjinini kuwa sitrulini. Hii ni ajabu kwa sababu bakteria wenye uwezo huo ni wachache mno. Kwanza anazikata protini vipande kwa vimeng'enya vyake vingine, vipande vinabaki na arjinini mwishoni, halafu anaigeuza ile arjinini. Anaweza kufanya hivyo hata kwa protini zetu wenyewe, mfano ile fibrinojeni inayogandisha damu. Kwa hiyo mfuko wenye kidonda na uvimbe unakuwa sehemu inayozalisha mfululizo vitu ambavyo mwili wako haujawahi kuvizoea, na seli za kinga zimejaa hapo hapo zinaangalia.

Njia ya pili iliandikwa mwaka 2016 na watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani. Wao walimwangalia bakteria mwingine wa fizi, jina lake refu kweli, Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Huyu hana kimeng'enya cha kugeuza arjinini ila ana sumu inayotoboa matundu kwenye seli nyeupe za damu. Ikitobolewa, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, vimeng'enya vya seli yenyewe vinawaka vyote kwa mpigo bila breki na protini nyingi za ndani zinageuzwa, halafu seli inapasuka na kuvitapika vyote nje. Mi naona njia hii inashawishi sana kwa sababu mchanganyiko wa protini zinazotoka hapo unafanana na ule unaopatikana kwenye maji ya ndani ya viungo vya mgonjwa wa rumatoidi.

Halafu mwaka 2023 ikatoka kazi nyingine, ya watafiti wa Stanford na Rockefeller, hii ilichukua damu za wagonjwa wa rumatoidi tena na tena kwa muda mrefu badala ya mara moja tu. Wakakuta kwa wale wenye ugonjwa wa fizi, bakteria wa mdomoni wanaonekana kwenye damu mara kwa mara, na mwili unaitikia kwa kuamsha aina fulani ya seli za kinga ambazo pia zinaonekana kwenye viungo vilivyovimba. Na zile antibodi za mgonjwa, hizo za kundi la anti-CCP, zilikuwa zinawashika bakteria wa mdomoni waliobadilishwa kwa sitrulini. Ina maana inawezekana kabisa kwamba kwa baadhi ya watu antibodi zilianza kama silaha halali dhidi ya bakteria wa fizi, baadaye zikakosea zikageukia protini za mwenye mwili. Nasema inawezekana, maana kukuta vitu viwili pamoja ni jambo moja na kuthibitisha kimoja kimezaa kingine ni jambo jingine.

Kuhusu kipi kilianza, hapo nina kitu cha kukuonyesha. Antibodi hizi zinaanza kuonekana kwenye damu miaka kabla kiungo hata kimoja hakijavimba, kwa baadhi ya watu hata miaka 10 na kitu. Hiyo tu inakuambia kosa la kinga halikuanzia kwenye vidole vyako, lilianzia mahali pengine, na wanaoshukiwa ni mdomo, mapafu na utumbo, zile sehemu ambazo mwili unakutana na vitu vya nje. Mwaka 2019 watafiti wa Leeds kule Uingereza wakawachunguza meno watu wenye anti-CCP ambao viungo vyao bado havijavimba, wakakuta karibu asilimia 73 wana ugonjwa wa fizi ukilinganisha na 38 kwa wenzao wasio na antibodi. Hawa hawakuwa na mikono iliyopinda ya kuwazuia kupiga mswaki, hawakuwa kwenye dawa za rumatoidi, kwa hiyo huwezi kusema rumatoidi ndo iliharibu fizi zao. Mimi binafsi huo ndo ushahidi unaonifanya nilichukulie hili jambo kwa uzito.

Ila fizi hazifanyi kazi hiyo peke yake. Kuna jeni za kundi linaloitwa HLA-DRB1, baadhi ya watu wamezaliwa na aina ya jeni hizo ambayo inazishika vizuri sana zile protini zenye sitrulini na kuzionyesha kwa seli za kinga, kama vile inazitangaza. Halafu kuna sigara. Moshi unafanya kwenye mapafu kitu kile kile, unasababisha protini zigeuzwe, na mtu mwenye jeni hizo akivuta hatari yake inapaa vibaya, na sigara hiyo hiyo inaua fizi. Kwa hiyo sehemu ya uhusiano tunaouona kati ya fizi na viungo ni kwa sababu magonjwa yote mawili yanalishwa na sigara. Hujaniambia kama unavuta au unakaa na mvutaji, kama ni ndiyo basi hilo ndo la kwanza kabisa kushughulika nalo, kabla hata ya mswaki.

Na barabara hii ina pande mbili. Rumatoidi nayo inaziumiza fizi. Ukichukua nyama ya fizi iliyougua na ukuta wa kiungo kilichovimba ukavipima, unakuta kemikali zile zile, TNF, interleukini 1, interleukini 6, na unakuta seli zile zile za kula mfupa zimeamshwa kwa ishara ile ile. Pale kwenye taya zinakula mfupa unaoshika jino, pale kwenye kidole zinakula kingo za mfupa wa kiungo. Ongeza hapo mikono inayouma ambayo haiwezi kushika mswaki vizuri, ongeza mdomo kukauka mate ambako kunawapata baadhi ya wagonjwa wa rumatoidi, ndo maana mtu anajikuta magonjwa yote mawili yanasukumana.

Sasa nije kwa shangazi. Namheshimu, na wala hakulitoa hewani, hilo wazo ni la zamani sana na liliwahi kuaminiwa na madaktari wakubwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, William Hunter wa Uingereza na Frank Billings wa Chicago walifundisha kwamba maambukizi yaliyojificha kwenye meno na tonsili yanasambaza ugonjwa mwili mzima, viungo vikiwemo, na kwa miaka mingi watu wenye baridi yabisi waling'olewa meno yote, hata mazima, kwa matumaini ya kupona. Hawakupona. Mwaka 1938 Russell Cecil, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioliamini hilo wazo, akaandika pamoja na mwenzake Angevine uchambuzi wa wagonjwa 200 wa rumatoidi wakaonyesha kung'oa meno na tonsili hakukuwa na faida ya maana. Watu walibaki na ugonjwa wao na bila meno. Naomba sana usirudie njia hiyo. Jino linang'olewa kwa sababu jino lenyewe limeshindikana, limelegea kabisa au limeoza lisiweze kuokolewa, na hiyo ni hukumu ya daktari wa meno akiangalia picha ya eksirei, haliondolewi kama dawa ya vidole. Mfuko wa milimita 6 kwa kawaida ni jino la kuokolewa.

Antibayotiki miezi mitatu nayo hapana. Ndani ya mfuko bakteria wamejificha kwenye utando mgumu juu ya ugaga, vidonge peke yake haviutoi, utapata nafuu ya muda halafu wanarudi, tena safari hii wakiwa sugu. Kuna wakati daktari wa meno anaongeza antibayotiki kwa siku chache akiwa anasafisha, hilo ni sawa, ni yeye anaamua. Huyo aliyekushauri huenda kasikia habari za minosaiklini, hiyo ni aina ya antibayotiki, ni kweli ilijaribiwa kwa rumatoidi miaka ya 1990 na ikaonyesha faida kiasi, ila faida hiyo inaelekea ilitokana zaidi na uwezo wake wa kutuliza uvimbe na kuzuia vimeng'enya vinavyokula gegedu, na leo tuna dawa bora zaidi. Na hapa nikuonye kitu mahususi kwa sababu uko kwenye methotreksati: antibayotiki inayoitwa kotrimoksazoli, na dawa yoyote yenye trimethoprimu ndani yake, ikichanganyika na methotreksati inaweza kuzima uzalishaji wa damu na watu wamekufa kwa hilo. Usinunue antibayotiki yoyote kwa kujiamulia, na kila anayekuandikia dawa mwambie kabla hajashika kalamu kwamba unatumia methotreksati.

Basi nikitibu fizi viungo vitapata nafuu? Hili ndo swali ambalo natamani ningekujibu ndiyo tu tuishie hapo. Kuna majaribio kadhaa, mengi madogo, ambapo wagonjwa wa rumatoidi waliosafishwa fizi kwa kina walipungua uvimbe wa viungo baada ya wiki kadhaa na vipimo vya damu vikashuka. Halafu kuna jaribio la Ufaransa lililotoka 2019, lilipangwa vizuri kwa kugawa watu kwa bahati nasibu, hilo fizi zilipona ila viungo havikuonyesha tofauti. Ukiviweka vyote kwenye mizani, mi nasema hivi: tegemea fizi zako kupona, meno yako kubaki, na mwili wako kupunguziwa mzigo mmoja wa uvimbe. Viungo vikipata nafuu juu ya hapo tushukuru, visipopata usione umepoteza muda. Kuna faida nyingine moja ndogo ambayo sisi wa viungo tunaipenda, fizi zenye uvimbe zinaweza kupandisha kidogo CRP, kile kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, sasa zikishatulia na mimi nikiona CRP yako iko juu nitajua zaidi kwamba ni viungo vinaongea.

Kama antibodi zilianzia kwenye fizi kweli, kwa nini basi kusafisha fizi kusizime ugonjwa? Wengi wanakwama hapo. Ni kwa sababu ukishafika hatua uliyonayo, viungo vyenyewe vimekuwa na uvimbe, uvimbe unageuza protini papo hapo, protini zinaita antibodi, antibodi zinaongeza uvimbe, mzunguko unajiendesha wenyewe bila kuhitaji tena kilichouanzisha. Ndo maana dawa za kuukata huo mzunguko ni lazima, na ndo maana jibu la swali lako la methotreksati ni usiache. Kusafisha fizi, hata kule kwa kina chini ya ganzi, hakuhitaji kusimamisha methotreksati. Miezi ya mwanzo ya rumatoidi ndo miezi ambayo tukiubana ugonjwa tunaokoa mifupa kwa miaka mingi mbele, na mfupa wa kiungo ukishaliwa haurudi. Kama unatumia prednisoloni pia, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, usiikate ghafla. Huko mbele kama utahamishiwa kwenye dawa za kibaiolojia za sindano, hizo wakati mwingine kabla ya upasuaji mkubwa wa mdomoni tunapanga tarehe na daktari wa meno, na kama utaanzishiwa dawa za kuimarisha mifupa kama bisfosfoneti au denosumabu mwambie daktari wa meno mapema kabla hajang'oa chochote, maana zinaweza kuchelewesha mfupa wa taya kupona.

Umesema nafuu ipo ila sio sana. Miezi nane ni muda wa kutosha kujua kama dozi inatosha au inabidi kuongeza au kuchanganya na dawa nyingine, kwa hiyo rudi kwa daktari wako wa viungo mwambie hivyo hivyo, usisubiri matibabu ya fizi yaishe ndo uende. Na kama una vidonda mdomoni mwambie, methotreksati inaweza kuvileta na foliki asidi mara nyingi inasaidia, hivyo sio ugonjwa wa fizi.

Matibabu ya fizi yenyewe usiyaogope. Anakuchoma ganzi, anakwangua ugaga chini ya fizi, kawaida kwa awamu mbili au zaidi, halafu unarudi baada ya miezi miwili mitatu apime mifuko upya. Baada ya hapo unakuwa wa kurudi kila miezi 3 au 4 kwa sababu bakteria hawa wanajijenga tena. Watu wanasema kusafisha kunalegeza meno. Kinacholegeza ni mfupa ulioliwa, ugaga ulikuwa umeyaganda tu yakaonekana imara, na fizi ikishuka uvimbe utaona vinafasi na jino linahisi baridi kwa wiki kadhaa, hiyo ni dalili ya uvimbe kuondoka. Damu ikitoka ukipiga mswaki usiache kupiga, piga kwa upole hapo hapo panapotoka, siku chache zitapungua.

Mikono yako ikikataa, tafuta mswaki wenye mpini mnene au uufunge kitambaa unenepe, mswaki wa umeme nao unasaidia sana kwa mtu wa rumatoidi maana wewe unaushika tu. Vile viburashi vidogo vya kupita kati ya meno ni rahisi kuliko uzi kwa vidole vilivyovimba. Na asubuhi kama vidole vimekakamaa hulazimiki kupiga mswaki saa ile ile unayoamka, subiri vilainike, ila ule wa usiku usiukose.

Kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Uso au taya ikivimba na homa, au ukishindwa kumeza, kupumua vizuri au kufungua mdomo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na maumivu makali kuliko vingine vyote, hasa ukiwa na homa, usidhani ni rumatoidi imepanda tu, inaweza kuwa maambukizi yameingia ndani ya kiungo na hayo yanaharibu kwa siku chache. Ukipata kikohozi kikavu kipya na kubanwa pumzi, au michubuko isiyo na sababu ukiwa kwenye methotreksati, vile vile. Na ukiwa na maambukizi makali yenye homa, mpigie daktari wako kabla ya kumeza dozi ya wiki hiyo, hapo mara nyingi tunaisimamisha kwa muda mpaka upone, na hilo ni tofauti kabisa na kuiacha mwenyewe.

Sasa binti. Mtoto wa mgonjwa wa rumatoidi hatari yake ni takriban mara 3 ya mtu mwingine, inasikika kubwa, lakini mara 3 ya kitu kidogo bado ni kidogo, wengi sana hawaupati kabisa. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zile zile, mmoja akiwa nao mwenzake anaupata takriban mara 15 tu katika kila 100. Fizi zake kutoka damu akiwa na miaka 17 uwezekano mkubwa ni ule uvimbe wa mwanzo ambao haujafika kwenye mfupa na unarudi nyuma kabisa ukisafishwa. Mpeleke apimwe mifuko na asafishwe, asije akaanza sigara, na sioni sababu ya kumpima anti-CCP kama hana dalili yoyote, maana leo ikitoka juu hatuna dawa ya kumpa zaidi ya hayo hayo niliyokwisha kuyataja, na atabeba hofu bure. Akianza kukakamaa vidole asubuhi zaidi ya nusu saa, au kuvimba viungo vidogo kwa wiki kadhaa, hapo mlete mapema bila kusubiri.